Kaburi Moja la Ukoo wa Garrard

Jumatatu, 6 Mei

Nimeficha ukurasa mmoja kwa miaka hamsini na minane. Naliandika jambo hili leo kwa sababu daktari amesema moyo wangu umechoka, na alisema hivyo akitazama dirishani. Madaktari hawatazami dirishani bure. Shajara hii ataisoma binti yangu Merridy nikishafukiwa. Merridy, usilie. Usicheke vilevile, kama utaweza.

Ukurasa umetoka katika Biblia ya ukoo. Hapa Kelbrook hakuna asiyeijua Biblia hiyo. Kubwa, nzito, jalada la ngozi, na kabla ya kitabu cha Mwanzo mna kurasa ambazo mke wa Septimus Garrard aliandika nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa. Septimus ndiye tajiri wetu. Alishuka melini hapa Tasmania mwaka 1829, mtu huru, na kondoo wake na piano yake, serikali ikampa ekari elfu mbili za watu wengine. Akajenga nyumba ya madirisha arobaini. Akajenga na kanisa. Mimi ni Clement Garrard, na tangu nipate akili nimekuwa mzao wa Septimus. Nimefundisha historia miaka thelathini na minne katika shule ya mji huu, picha yake ikining'inia juu ya kichwa changu.

Mwaka 1961 niliifungua Biblia nitafute habari za Noah, babu wa babu yangu. Nikazipata. Mama Garrard ameandika kwamba leo mtumishi wetu Noah Spragg, mfungwa, amemaliza kifungo chake. Ameomba atumie jina letu. Mume wangu alikuwa amelewa, akakubali.

Basi! Si mtoto, si mpwa, si hata shemeji. Mfungwa aliyeletwa kutoka Uingereza kwa meli ya serikali, akaazima jina la bwana wake siku ya ulevi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba babu yangu aliinunua Biblia ile mnadani, pamoja na sanduku la sahani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu anunue Biblia ya ukoo wake mwenyewe.

Nikaunyofoa ukurasa ule. Zama zile mfungwa katika ukoo alikuwa aibu ya kufungiwa kabatini. Watu wenye heshima zao walikwenda kwenye nyaraka za serikali na wembe mfukoni. Lakini sikuuchoma. Mwalimu wa historia hachomi waraka. Niliushonea ndani ya kofia ya sufu ya birika la chai, ile ya kulitunzia joto, kati ya sufu na kitambaa. Kofia imebadilishwa mara tatu, ukurasa umehama nazo zote. Wageni wakiuliza mbona Biblia ina pengo, nasema panya.

Leo kaja Mchungaji Tamsin Pell na baiskeli yake na barua. Makaburi ya kanisa yalifungwa zamani. Kwa hati ya Septimus, wanaoweza kuzikwa mle ni wazao wake wa damu na wenzi wao wa ndoa, basi. Mke wangu Dulcie yumo tangu miaka sita iliyopita, akiwa mke wa Garrard. Ubavuni pake pana nafasi moja. Kwingine kote ni mwamba. Mchungaji kasema nafasi hiyo imeombwa na watu wawili, na baraza la kanisa linataka kila mmoja alete ushahidi wa nasaba Ijumaa ya wiki ijayo. Nikauliza huyo wa pili ni nani. Akafunga mkanda wa kofia yake ya baiskeli taratibu, akasema ni Bi Beryl Hodgetts.

Beryl! Nisipokuwa mzao wa Septimus, Dulcie wangu atalala na Beryl Hodgetts mpaka parapanda ilie.

Haitakuwa.

Jumatano, 8 Mei

Kwa atakayesoma bila kumjua Beryl: miaka themanini na minne, aliendesha posta ya mji huu, akazijua barua zetu kabla yetu. Katibu wa Chama cha Historia. Hutembea na beji kifuani iliyoandikwa MZAO WA MWIZI WA KONDOO. Anajivuna! Dunia imepinduka. Siku hizi Mtasmania asiye na mfungwa kwenye ukoo anaonekana kama mtu asiye na kitovu. Miaka yote Beryl amedai kwamba mwizi wake wa kondoo alitoroka na Charity, binti wa Septimus. Miaka yote nimemjibu, ushahidi uko wapi, bibi wewe?

Ushahidi uko kwenye kofia ya birika langu. Ukurasa uleule. Jina la Charity, kati ya watoto wa Septimus, limekatwa kwa mstari mnene wa wino. Waraka unaonizamisha mimi ndio unaomwinua yeye. Kwa hiyo usitoke.

Mpango: kutengeneza ukurasa mpya. Nimekata karatasi tupu nyuma ya kitabu cha mahubiri cha mwaka 1840. Nimechemsha chai nyeusi na misumari yenye kutu, karatasi ipate rangi ya uzee. Nimeandika kwa hati ya kizamani: Noah, mtoto wetu wa tano, amezaliwa leo, 1831, mzima na mwenye kelele. Kazi safi! Mkono unaotetemeka umenifaa, ulionekana kama wa mama aliyetoka kujifungua.

Kisha nikapiga hesabu. Mtoto wa Noah alizaliwa 1845. Nimempa babu wa babu yangu mtoto akiwa na miaka kumi na minne.

Nikaandika tena, 1826, Uingereza, kabla ya meli. Karatasi ya mwisho. Nikaipaka chai, nikaiweka ndani ya oveni isiyowashwa ikauke polepole, nikaenda kulala kidogo.

Niliamshwa na harufu. Merridy katoka kuendesha basi la shule, kawasha oveni aipashe moto kwa ajili ya skonzi za boga. Kaja kitandani na kitu cha kahawia kwenye koleo. Akauliza baba, hii ni nini? Nikasema biskuti ya kizamani. Akakigeuza, akasoma, akasema, "Baba, biskuti yako ina Noah."

Nikajifanya nimelala tena.

Jumamosi, 11 Mei

Mpango wa pili. Ikiwa siwezi kuwa na ushahidi, basi na Beryl asiwe nao. Nimesikia kwa mwuza nyama kwamba alikwenda Hobart, mji mkuu, kwa basi akarudi na nakala ya rejesta ya ubatizo: mtoto wa Charity, na jina la Charity, na jina la baba yake Charity. Nakala iko kwenye jalada la kijani katika chumba cha Chama.

Nimekwenda na mkongojo. Mita mia mbili, vituo vinne vya kupumzika. Beryl alikuwa peke yake, anapanga picha. Akasema heee, Mwalimu, leo umetupwa na upepo gani? Nikasema nimekuja kujitolea. Akasema umri huu unajitolea nini, labda mifupa. Akaenda nyuma kuweka maji ya chai.

Jalada la kijani lilikuwa juu ya meza. Koti langu lina mfuko, lakini jalada ni pana. Nikalisikia birika linaanza kuimba. Nikafanya uamuzi wa haraka. Nikaliweka kitini nikalikalia.

Uamuzi mzuri, ila kiti kile ni cha chini. Tukanywa chai. Akaniuliza habari za moyo, nikamjibu. Akanisimulia upya habari za mwizi wa kondoo, jinsi alivyomvika kondoo gauni la mkewe ampitishe mbele ya askari. Nimeisikia mara sitini. Nikangoja atoke. Hakutoka. Saa ikapita. Jua la mchana likaniangukia magotini. Nadhani nikasinzia, maana nilipofungua macho nilikuwa nimefunikwa blanketi.

Nikataka kuinuka nikiwa na jalada chini ya koti. Miguu ikakataa katakata. Nikajaribu mara tatu. Beryl akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akitazama. Mwishowe akanishika makwapa, akanivuta kama mtu anayeng'oa karoti, akaniegemeza ukutani, akaokota jalada lake kitini. Akalipapasa.

"Ahsante, Mwalimu," akasema. "Limepata joto. Lilikuwa na unyevunyevu."

Akanirudisha nyumbani kwa gari lake. Njia nzima akipiga mluzi.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Mama. Merridy kanipeleka kanisani na maua meupe ya krisanthemamu ya Dulcie. Makaburi yote yamejaa krisanthemamu, na umande umegeuka barafu juu ya nyasi. Nimesimama ubavuni pake. Nimemwambia mke wangu, nakuja, nafasi yako ya kulia ni yangu, vumilia kidogo tu. Nikajisikia vizuri.

Kisha nikasikia krr, krr. Nyuma ya jiwe la Septimus alikuwa Beryl na utepe wa kupimia, amepiga magoti. Kaniamkia vizuri. Akasema Mwalimu, hapa ni pafupi, mimi ni mrefu, itabidi nikunje magoti. Nikamwambia basi katafute pengine pa kunyooka. Akacheka mpaka akakaa chini. Mchungaji Tamsin akatokea mlangoni akatuambia nyimbo zimeanza, tafadhali.

Baada ya ibada palikuwa na meza ya akina mama wa kanisa. Keki, jamu, soksi, vitu vya mitumba. Sikupita huko. Nimerudi nyumbani nina kiu. Nikaweka maji. Nikatafuta kofia ya birika.

Haipo.

Nimetafuta kwenye droo. Nimetafuta kwenye sinki, kwenye kabati la viatu, kwenye friji. Merridy akauliza unatafuta nini. Nikamwambia kofia ya birika, ile ya kijani na njano aliyofuma mama yako. Akasema aa, baba, ile ilikuwa chakavu, ina madoa, tena ngumu ngumu kama ina gazeti ndani. Ameitoa kanisani kwenye meza ya mitumba. Atanifumia mpya.

Nikauliza kwa sauti ambayo sikuijua kama kuna aliyeinunua.

Imenunuliwa, akasema. Bi Beryl. Kasema ina rangi za timu yake.

Wahenga husema siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilikuwa nimepewa miaka hamsini na minane. Nikadhani nimesahauliwa.

Jumanne, 14 Mei

Jana sikuweza kuinuka. Leo nimeweza. Mpango wa tatu, na ndio bora kuliko yote: kwenda kwa Beryl kama mgeni wa chai, na kuondoka na kofia.

Kanifungulia mlango akiwa na aproni. Akasema mbona siku hizi tunaonana kama wachumba, Mwalimu. Nikasema ni ujirani mwema. Na pale mezani, juu ya birika lake, ilikuwepo. Kijani na njano. Tundu moja la mkono wa birika, tundu moja la mdomo. Moyo uliochoka ukaruka kama mbuzi.

Nilipanga kungoja aende jikoni. Safari hii akaenda haraka, nikashukuru. Nikaivua kofia. Nikaibonyeza, mikono yangu imevaa glovu za baridi, sikusikia kitu. Nikataka kuiingiza kwapani, nikasikia viatu vyake vinarudi. Pa kuiweka hapakuwepo. Nikaivaa kichwani.

Ilinienea vizuri. Masikio yangu ni makubwa, yakapata mahali pake, moja kwenye tundu la mkono na moja kwenye tundu la mdomo.

Beryl akasimama na sahani ya biskuti. Alinitazama. Nilimtazama. Nikasema wazee hupoteza joto kichwani, ni sayansi. Akasema ni kweli, hata yeye amesikia. Akakaa. Akamimina chai, akasema itabidi tuinywe upesi maana birika liko uchi. Tukanywa. Mvuke ulikuwa unanitoka utosini.

Nilipoaga, akanisindikiza mpaka kwenye lango. Akanitengenezea kofia vizuri, akaishusha kidogo mbele kama mtoto anayepelekwa shule. Kisha akasema, "Ivae tu, Mwalimu, ni yako. Karatasi niliitoa juzi jioni."

Nikabaki nimeshika lango.

Akasema amesoma mara mbili. Hajamwonyesha mtu. Aliuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nayo mengi, katika lugha tatu, mojawapo Kilatini. Nikasema baridi imezidi. Akasema basi tutaonana Ijumaa.

Nimetembea barabara kuu yote na kofia ya birika kichwani. Watu wa duka la mikate walitoka nje. Nimewapungia mkono. Mtu akishazama, kilichobaki ni kuogelea kwa heshima.

Alhamisi, 16 Mei

Mpango wa nne: kufa kabla ya kesho. Mzao asiyepingwa huzikwa. Nimelala chali tangu asubuhi, mikono kifuani. Merridy kaniletea supu mara mbili. Nimeinywa yote. Mpango umevunjika.

Ijumaa, 17 Mei

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Baraza la kanisa mbele, Chama cha Historia pembeni, na nyuma mji mzima uliokuja kwa ajili ya sandwichi. Nilivaa tai ya shule. Nilijiambia, Clement, utasimama wima, watakuzomea, utakwenda nyumbani, utakufa kwa aibu, na angalau hilo la kufa litakuwa limetimia.

Mchungaji akaniita kwanza. Nikaiinua Biblia nikaifungua penye pengo. Nikasema panya. Hapo mwuza nyama akakohoa.

Akaitwa Beryl. Akaenda mbele bila haraka, akavaa miwani, akausoma ukurasa. Charity kwanza, na ule mstari wa wino. Akapitisha kidole juu yake. Halafu Noah Spragg. Mfungwa. Jina la kuazima. Ulevi. Kila neno.

Nikasikia barafu ya paa ikidondoka.

Kisha mtu wa nyuma akapiga makofi! Na wa pili! Ukumbi mzima ukasimama. Mweka hazina wa Chama, mtu niliyemfelisha mara mbili mwaka 1968, akaja kunikumbatia machozi yakimtoka. Akasema Mwalimu, miaka yote tulikuwa tunakuhurumia, tunasema maskini, hana hata mfungwa mmoja. Wengine wakanipiga mgongoni. Nikapewa beji. Kumbe walikuwa nayo tayari!

Beryl akasema ngojeni. Alikuwa amempata Noah katika rejesta ya wafungwa kule Hobart, kwa kuwa serikali ile iliandika kila kitu juu ya kila mtu. Akasoma. Kosa: kuiba jibini zima, na suruali ya kulibebea. Urefu: futi tano na inchi mbili. Masikio: makubwa. Adhabu alizopata shambani kwa Garrard: kujifanya mgonjwa, kuficha viatu vya bwana wake kisha kudai zawadi ya kuvipata, na kulala ndani ya pipa siku ya kuhesabiwa. Maoni ya msimamizi: hupanga sana, hukamatwa upesi.

Watu mia moja na ishirini wakageuka wakanitazama masikio.

Merridy alikuwa anacheka mpaka kainama. Sijamwona akicheka hivyo tangu mama yake afariki. Akasema baba, huyo si babu yako, huyo ni wewe.

Kwa robo saa nilikuwa mtu maarufu kuliko Septimus. Nilikula sandwichi nne. Niliulizwa kuhusu jibini nikatoa maelezo ambayo sina. Nikaanza hata kufikiri kwamba Noah aliliiba kwa ajili ya wenye njaa.

Ndipo Mchungaji Tamsin akanivuta pembeni, akanishika mikono yote miwili. Anasikitika. Amefurahi kwa ajili yangu, lakini anasikitika. Hati ya Septimus inasema wazao wa damu na wenzi wao. Dulcie hatasumbuliwa, amelala na alale. Ila nafasi ya kulia kwake ni ya Bi Beryl Hodgetts.

Sandwichi ya tano nikairudisha kwenye sahani.

Nimekaa kitandani na beji. MZAO WA MFUNGWA. Inang'aa. Miaka hamsini na minane nimeogopa kuchekwa, na walipokuja kucheka walinicheka kwa upendo, na bado nimekosa kitu kimoja tu nilichokuwa nakitaka. Ningeuonyesha ukurasa huu miaka ishirini iliyopita, ningemzika Dulcie makaburi ya mji, kule kwenye nafasi tele, tukalala wawili bila ya hati ya mtu.

Jumapili, 19 Mei

Beryl kaja baada ya ibada. Kaleta keki za nazi na chokoleti, na bahasha. Merridy akatuacha sebuleni akidai anakwenda kuosha basi. Basi haliishi hapa.

Nilimwambia kama amekuja kushangilia, ashangilie haraka, nimechoka. Akasema keti, Mwalimu, wewe huna hata nguvu za kununa. Akanimiminia chai. Akaniambia kwamba kaburi lile halihitaji hata bure. Alale miguuni pa mtu aliyemkata binti yake kwa wino? Thubutu! Amekwisha kuwaambia wanawe wamchome, majivu wayamwage kwenye uwanja wa mchezo wa kuviringisha matufe, pembeni, yasiharibu nyasi. Alichotaka yeye ni jina la Charity lisomwe kwa sauti ndani ya kanisa la baba yake. Limesomwa. Imetosha.

Nikamwuliza sasa mbona uliomba, mbona ulipima na utepe, mbona umenitesa? Akasema utepe ulikuwa wa kukutania. Na kama asingeomba, ushahidi usingedaiwa, na mimi ningekufa na karatasi yangu.

Nikamwambia basi niachie nafasi. Akasema haiachiki kwa mdomo, amemwuliza Mchungaji. Damu, au mwenzi wa damu.

Akasukuma bahasha. Ndani mlikuwa na fomu ya serikali. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa. Upande wake alikuwa amekwisha kuujaza. Mwandiko mzuri, wa posta.

Nilidhani moyo wenyewe ndio huo unaondoka.

Akasema funga mdomo, nzi wataingia. Usiniletee mapenzi, Clement, sitapika, sitafua, sitahamia hapa, na soksi zako sizitaki hata kuziona. Tutatia saini kwa Mchungaji, tutakula keki, kila mtu atarudi kwake. Siku ukifa utakuwa mume wa mzao wa Septimus Garrard, nao hawatakuwa na la kusema. Sheria inataka mwezi mmoja wa kungoja. Akaniuliza kama mwezi nitauweza. Nikasema nitajitahidi. Akasema jitahidi, nimekwisha kununua kofia.

Nikamwuliza kwa nini ananifanyia wema huu. Akapangusa nazi kwenye vidole. Akasema alikuwa anampenda Dulcie. Kila Alhamisi Dulcie alikuja posta kumwandikia dada yake, akimsimulia vituko vyangu, na wakati mwingine akiwasomea watu wa foleni. Akasema mtu aliyevumilia hivyo anastahili kuwa na mwenzake ubavuni.

Kisha akavua miwani, na uso wake ukawa kama ule wa Ijumaa aliposoma mstari wa wino. Akasema ana swali moja tu kabla sijatia saini, na ananitaka nimjibu kama mtu anayekaribia kufa. Anafanya hivi kwa ajili ya Dulcie, si kwa ajili yangu. Je, Dulcie mwenyewe alitaka kulala pale?

Nikamjibu kwa moyo mmoja. Ndiyo. Alipataka sana. Lilikuwa ombi lake la mwisho.

Akavaa miwani. Akasema vema. Akanipa kalamu. Nimetia saini, na mkono haukutetemeka hata kidogo. Ameondoka akipiga mluzi, nami nimekula keki tatu. Nimeanza kuangalia jiwe. Nafikiria maneno haya: Clement Garrard, wa ukoo wa Septimus kwa ndoa. Kama herufi za "kwa ndoa" zikichongwa ndogo ndogo, nani atainama kusoma?

Merridy, hili sasa ndilo la mwisho, na sikumwambia Beryl, wala mama yako hakuniona nikilijutia. Dulcie alitaka kuzikwa katika mji wa Penguin, kando ya bahari, karibu na dada yake Enid. Aliniomba hospitalini. Aliniomba mara mbili. Nilimwambia nimesikia.